Nyumba Imejaa, Mzee Yuko Peke Yake: Mwongozo Kamili wa Kulinda Akili ya Mzee Wako

Nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, tunalala watu tisa. Dada yangu aliyeko Dar es Salaam aliponipigia kuuliza kama mama ana upweke, nilicheka. Nikamwambia mama hapati hata pa kunyooshea miguu, huo upweke atautolea wapi? Kesho yake, sijui kwa nini, nikajikuta nahesabu. Asubuhi mama aliamkiwa mara saba, akaitikia marahaba saba. Akaletewa chai na mbaazi. Mchana wali na samaki. Jioni mjukuu akamwambia, "Bibi, inua miguu nifagie." Baada ya isha akalala. Kutwa nzima hakuna aliyemuuliza neno lililohitaji jibu lake.

Upweke ninaouzungumzia ni huo. Ule wa mzee aliyeachwa kijijini peke yake na kuku wawili tunaujua na tunauonea huruma. Huu wa kwetu mjini hauonekani kwa sababu nyumba ina kelele.

Mimi si daktari. Nimemuuguza mama miaka sita sasa, nimekosea mengi, na nimeuliza sana. Ninayoyaandika ni ya mtu anayeishi na mzee, au anayemtumia mzee pesa kutoka mbali, ambaye ameanza kuona akili inaruka na hajui aanzie wapi.

Kwanza, kwa nini jambo hili si la huruma tu

Mwaka 2024 kamisheni ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia, yaani ule ugonjwa wa kusahau ambao mitaani tunauita "kurudi utotoni". Walikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kukingwa au kucheleweshewa ugonjwa kama mambo hayo 14 yangeondolewa. Kutengwa na watu kumo, takriban asilimia 5. Kutosikia vizuri kumo pia, asilimia 7, na hakuna lililozidi hilo; lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu ndiyo iliyolingana nalo. Yamo na presha, sukari, sigara, sonona (huzuni nzito isiyoisha), kutoona vizuri na kukaa bila kutembea.

Kuzungumza na mtu ni kazi kubwa kwa ubongo kuliko tunavyodhani. Unasikia, unashika aliyosema, unatafuta neno, unasoma uso wake, unakumbuka mwaka jana mligombana kwa nini. Mzee asipoifanya kazi hiyo kwa miezi, inadorora. Tena mpweke hali vizuri, hatembei, anasinzia mchana na kukesha usiku, na dawa za presha hakuna wa kumkumbusha.

Lakini kuna upande wa pili, na msikubali mtu awafiche. Wakati mwingine ugonjwa ndio unaotangulia. Mzee aliyeanza kusahau majina huona haya, anakwepa harusi, anakwepa hitima, anajifungia. Kwa hiyo ukimkuta mpweke na msahaulifu, usijilaumu kwamba wewe ndiye uliyemharibu akili. Na usimwahidi mtu kwamba mkimtembelea atapona.

Wala huu si ugonjwa wa Wazungu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kiasi cha watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana dimensia, na wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa hivyo na yeyote.

Hatua ya 1: Daftari la siku saba

Chukua daftari la shule, lile la shilingi mia chache. Kwa siku saba, kila usiku jibu maswali matatu. Leo mzee amezungumza na nani kwa zaidi ya dakika tano? Leo ametoka nje ya kizingiti cha nyumba? Leo kuna aliyemwomba ushauri, au kazi, au habari asiyoijua mwingine?

Salamu usizihesabu. Sisi watu wa Pwani tunaweza kusalimiana robo saa na tusiwe tumeambiana chochote. Wala usihesabu "umekula?" na "umekunywa dawa?"

Ukimaliza wiki, soma. Langu mimi lilikuwa na siku nne tupu. Nilipowaonyesha ndugu zangu picha ya kurasa zile, yale mabishano ya nani anamjali mama zaidi yaliisha siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Tenganisha usahaulifu wa uzee na ule wa ugonjwa

Kusahau kama ulishatia chumvi ni jambo la kila mpishi. Mwanamke aliyepika wali wa nazi miaka hamsini akikaa mbele ya jiko na tui mkononi, asijue linakwenda wapi, huyo apelekwe kwa daktari. Kusahau jina la jirani kisha likaja baada ya magharibi ni kawaida. Kupotea kati ya Barabara ya 9 na ya 12, alizozipita tangu utoto, si kawaida. Angalia pia pesa: mzee anayempa muuza samaki noti mbili za elfu kumi kwa samaki wa elfu nne anakuambia kitu. Na tabia: aliyekuwa mpole akaanza kumtuhumu kila mtu wizi.

Kuna hali moja isiyongoja daftari. Akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku mbili tatu, leo hakujui na jana alikuwa sawa, kimbilia hospitali. Inaweza kuwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), malaria, nimonia, sukari kushuka, au upungufu wa maji mwilini. Mdomo ukipinda, mkono ukalegea au maneno yakakwama, hicho ni kiharusi, usipoteze muda kumkanda. Nimewaona wazee wanasomewa na kufukizwa siku nne kwa UTI ambayo ingetibiwa kwa vidonge. Dua isomwe, ila isomwe njiani mkielekea hospitali.

Hatua ya 3: Anza na masikio

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Nilimpeleka mama kwenye kituo kimoja cha tiba ambacho sitakitaja. Kijana aliyetupokea alikuwa anaandika, kichwa kimeinama, barakoa usoni, feni inavuma. Akauliza, "Mama, leo tarehe ngapi?" Mama akamtazama tu. Akauliza, "Rais wa nchi ni nani?" Mama akasema, "Alhamdulillahi." Kijana akaniangalia mimi kwa huruma, akaandika neno moja: uzee. Tukarudishwa na vitamini.

Mwezi mmoja baadaye, muuguzi jirani yetu, aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, alimwangalia mama masikioni kwa tochi ya simu. Yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta iliyokauka. Tukalainisha kwa matone ya mafuta ya zeituni siku tano, kisha tukaenda kusafishwa kwa maji. Tulipofika nyumbani mama alisimama uani, akageuka upande wa jikoni, akauliza, "Mmenunua mbuzi mpya?" Hatukuwa tumenunua. Ni ileile mbuzi ya kukunia nazi, na alikuwa hajaisikia ikikwaruza sijui tangu lini.

Sikudanganyi kwamba akili yote ilirudi. Bado anasahau. Lakini nusu ya kile tulichokiita kuchanganyikiwa ilikuwa kutosikia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpime masikio kwanza. Usimchokonoe kwa kijiti cha pamba wala kibiriti, unasukuma nta ndani. Sikio likitoa usaha, likiuma, au kama ngoma yake iliwahi kutoboka, usitie tone la kitu chochote, nenda hospitali. Kama si nta bali ni uzee wa sikio, uliza kuhusu kifaa cha kusikilizia. Ukizungumza naye, kaa mbele yake, mwanga uwe usoni mwako, zima televisheni. Usipige kelele: ukipaza sauti inapanda kuwa nyembamba, na sauti nyembamba ndizo zinazopotea mwanzo uzeeni. Ndiyo maana wajukuu hasikii wakati mjomba mwenye sauti ya besi anamsikia vizuri, na watoto wanadhani bibi anawachagua.

Macho nayo. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji mdogo. Mzee asiyeona uso wa mgeni ataacha kupenda wageni.

Kisha fungua kijaluba chake cha dawa. Vile vidonge vya mafua vya njano tunavyoviita Piritoni, ambavyo wazee wengi huvinywa ili wapate usingizi, huwachanganya akili. Amitriptyline, dawa ya sonona na maumivu ya neva, hali kadhalika, na dawa za usingizi za jamii ya diazepam. Usizikatishe kienyeji kama ni za daktari. Zibebe zote kwenye mfuko, hata za majani, umwonyeshe.

Hatua ya 4: Hospitali

Sera ya Taifa ya Wazee ilitungwa mwaka 2003, na mzee kwa hesabu ya serikali ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Wasiojiweza wanastahili msamaha wa matibabu. Utaratibu unaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha afisa ustawi wa jamii. Shughulikia kitambulisho siku mzee akiwa mzima, maana siku ya kuugua hutakuwa na subira ya foleni ya mihuri. Vituo vingi vya serikali vina dirisha la wazee. Uliza usikae nyuma ya foleni kwa ustaarabu. Kwa Tanga rufaa hufikia Bombo, hospitali ya mkoa.

Nenda na daftari lako. Usimwambie daktari "anasahau sahau". Mwambie: tangu Ramadhani iliyopita amepotea mara mbili, hawezi tena kuhesabu chenji, halali usiku. Omba apimwe presha, sukari, damu, mkojo, na ikiwezekana tezi ya shingo na vitamini B12, maana upungufu wake hufanana na dimensia na unatibika. Omba pia aulizwe kuhusu huzuni. Sonona ya mzee haisemi "nina huzuni". Inasema "mwili wote unauma" na "mimi sasa nangoja siku zangu tu".

Mtu asiyewahi kwenda shule asipimwe kwa maswali ya mtu aliyesoma. Kule Hai walitunga kipimo kinachotumia mambo ya kawaida: kutaja wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja, kukumbuka orodha ya maneno, kupanga njiti za kiberiti kwa umbo aliloonyeshwa. Mhudumu akimpa mzee wako kalamu achore saa na mzee hajawahi kushika kalamu, sema kwa adabu.

Hatua ya 5: Acheni mtihani

Kila mgeni akija kwetu alikuwa anafanya jambo moja. Anampa mama mkono, hauachii, anatabasamu: "Haya bibi, mimi nani? Nitaje!" Wote tunangoja. Mama anatafuta usoni mwa mtu, anatafuta, kisha anacheka kicheko ambacho si chake. Mgeni anasema, "Ah, umenisahau!"

Baada ya wageni wa namna hiyo watano, mama akaanza kusema anaumwa kichwa kila mlango ukibishwa hodi.

Sasa tuna sheria. Anayeingia anajitaja mwenyewe na ukoo wake: "Shikamoo bibi, mimi Mwanaidi, wa mwisho wa marehemu Bi Zuhura wa Chumbageni, yule mliyekuwa mnasuka naye." (Majina nimeyabadili.) Ukimpa mzee uzi wa ukoo anaufuata mwenyewe, na mara nyingi atakuambia ya babu yako usiyoyajua.

Hatua ya 6: Mrudishie kazi

Hatua zote zingine ni za kuipisha hii.

Mama tulimstaafisha bila kumuuliza. Siku moja sufuria liliungua, tukasema, "Mama pumzika, jiko tutaliona sisi." Kisha akateleza uani: "Mama pumzika, kuku watalishwa na watoto." Kisha upatu, kwa sababu alichanganya zamu: "Mama pumzika, pesa zako atashika Salma." Kila "pumzika" ilisemwa kwa mapenzi. Zilipofika sita, akawa hana la kufanya isipokuwa kuinua miguu watu wafagie.

Namna ya kurudisha ni kuigawa kazi vipande, ukampa kipande chenye uamuzi. Moto hatumrudishii. Tui tunamrudishia: analetewa kwenye bakuli, anaonja, anasema hili zito la mwisho, hili la kupikia, ongezeni maji. Mchele anachambua yeye. Samaki akija mlangoni yeye ndiye anayefunua shavu na kusema huyu wa jana. Pesa hahesabu, lakini bei haikubaliwi hadi yeye aitikie. Na hiyo kazi iwe ya kweli. Mzee akigundua mnamchambulisha mchele uliokwisha kuchambuliwa, mmeshamkosea heshima, na atagundua.

Kwa mama, kilichofanya kazi kuliko vyote ni ukili, ule utepe unaosukwa kwa ajili ya mikeka. Tuliagiza miyaa, makuti ya kusukia, tukamwekea mbele bila kusema kitu. Aliichana chane, akailowesha, akaanza. Anaweza kuniuliza mara tatu leo ni siku gani, huku vidole vinakunja, vinapitisha juu, vinapitisha chini, na hakuna chane iliyokosewa. Kumbukumbu ya mikono hudumu kuliko kumbukumbu ya majina. Mimi niliyesoma nimejaribu kusuka pembeni yake, akanichukulia ukili wangu, akaufumua wote, akaniambia, "Mwanangu, huu utamwaga mtu." Siku hiyo hakukuwa na mgonjwa chumbani.

Wanaume ni wagumu zaidi, nasema bila kuficha. Mwanamke hata akizeeka jikoni pana pa kumsogezea kigoda. Mjomba wangu alifanya kazi reli, akastaafu, akahamia barazani. Pale barazani walikuwa wanane wa kahawa na bao. Wamebaki wawili, na mwenzake hashuki tena ngazi. Mjomba akaendelea kukaa peke yake kama mlinzi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mzuri anasafirisha kete kichwani kabla hajagusa shimo. Mtu wa hivyo unamwambia acheze na nani? Tulimtafutia vijana wawili wa mtaani wanaotaka kujifunza. Wanamwita "mgosi", wanamtania, anawafunga. Siku wakikosa kuja yeye ndiye anayewatumia ujumbe kwa mtoto.

Kwa wengine kazi ni kusomesha juzuu, kuwa shahidi wa mipaka ya mashamba, kutunza daftari la michango ya msiba, kueleza nani ni nani kabla ya kuozesha. Tafuta kile ambacho akifa kitapotea, umwombe hicho.

Hatua ya 7: Walioko mbali

Pesa ya simu imetufanyia ubaya mmoja: zamani kuleta sukari kilo mbili ilibidi uje nayo.

Gawaneni siku. Ndugu saba, siku saba, kila mmoja na saa yake, iwe ileile kila wiki ili mzee aizoee. Simu ya kitochi inatosha, majina ya watu watano kwenye vitufe vya haraka. Na jinsi ya kupiga: usiulize "hujambo, umekula, haya kwaheri". Nenda na swali. "Mama, mtoto ana mba kichwani, nyie mlikuwa mnampaka nini?" "Mama, nani alisimamia harusi ya shangazi?" Hata kama jibu unalijua. Kundi la familia la WhatsApp lina watu thelathini na mzee hayumo. Mwekeeni sauti, mjukuu amchezee, na yeye arekodi jibu. Jibu la mama la kwanza lilikuwa la dakika kumi na moja. Kaka yangu aliyeko Mwanza analo hadi leo.

Hatua ya 8: Kumtoa nje

Mzee akikataa kwenda harusini, usibishane naye kuhusu harusi. Uliza kuhusu choo. Mara nyingi ndicho kinachomzuia: magoti hayakunji, choo cha shughuli ni cha kuchuchumaa, na anaogopa kuadhirika njiani. Mpeleke kwa muda wa saa moja tu, mwombe mwenye nyumba choo cha kukaa mapema, beba kanga ya akiba, mtafutie kiti badala ya mkeka, dereva wa bajaji awe mmoja siku zote. Msikitini siku hizi viti vipo nyuma. Kanisani jumuiya ndogondogo huweza kusalia nyumbani kwake zamu yake ikifika. Kutembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi kila asubuhi, kabla jua halijakaza, kuna faida mbili kwa gharama ya moja: miguu inafanya kazi na kila jirani ana la kusema.

Na muwaangalie wajane. Mwanamke akiwa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, lakini watu wanamjali. Chakula kinaletwa, watu wanalala naye. Eda ikiisha anavua nyeupe, watu wanapongeza, na kila mtu anarudi kwake. Wiki zinazofuata hapo ndizo mbaya kuliko zote. Ziandike kwenye kalenda.

Hatua ya 9: Kikao cha wazee, mara mbili kwa wiki

Kuna tiba ya vikao iliyoanzia Uingereza, ikatoholewa kwa ajili ya Tanzania na Nigeria, ikajaribiwa huko Hai kwa watu wenye dimensia. Vikao 14, viwili kila wiki, kwa wiki saba. Walioshiriki walikuwa wachache, 34, na vipimo vyao vya akili viliboreka. Haihitaji mashine. Sisi tumeiga mpangilio wake uani kwetu, na mtu yeyote anaweza.

Waite watano hadi wanane, wasizidi, maana wakizidi wenye masikio mabovu wanabaki nje ya mazungumzo. Saa nne asubuhi, saa moja tu. Mkae duara. Anzeni kwa salamu na kila mtu atajwe jina. Kiongozi aseme yeye siku na tarehe, asiwaulize. Kisha wimbo, uleule kila mara. Kwetu wanachagua taarabu za enzi za Black Star na Lucky Star, na wanaume wakiwepo ugomvi ni bendi ipi ilikuwa bora, Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, ugomvi mzuri. Kisha mada moja, na kitu cha kushika mkononi. Kifumbu. Kinu. Singa, zile nyuzi za mkonge. Ilipoletwa singa mzee mmoja aliyekaa kimya vikao vitatu aliinusa, akaanza kueleza korona (ile mashine ya kuchakata mkonge, si ile ya barakoa) ilivyonguruma, na nani alikatwa mkono, na posho ilikuwa kiasi gani. Wiki iliyofuata mada ilikuwa Coastal Union kuchukua ubingwa mwaka 1988, na hapo hakuna aliyehitaji kuchokozwa.

Usiulize tarehe wala majina. Uliza maoni: ipi tamu, bada (ugali wa muhogo) na kisamvu au wali? Kijana wa leo akioa mahari iwe nini? Kwenye maoni hakuna aliyekosea. Anza methali, wao wamalizie. Vitendawili navyo, wakipewa mji wa kweli wanaojivunia, Pangani au Lushoto. Malizeni kwa chai, na aondoke kila mtu anajua siku ya kurudi. Gharama yetu ni majani, sukari na vitumbua, tunachanga.

Baraza la wazee la mtaa lipo kwa sehemu nyingi. Lishirikisheni, na mhudumu wa afya wa jamii aje kupima presha siku hiyohiyo.

Hatua ya 10: Ugonjwa ukishaingia

Dawa ya kuiponya dimensia haipo. Anayekuuzia kikombe cha kuiponya anakuuzia maji.

Usibishane. Akisema anamngoja baba, na baba alifariki 1997, ukimwambia "baba amekufa" unamfisha upya, na kesho utamfisha tena. Mwambie, "Baba alikuwa anapenda nini akirudi?" Ataeleza. Taa ndogo iwake usiku njia ya chooni. Vitu visihamishwe. Nambari yako ya simu ishonee kwenye pindo la kanga au ndani ya kofia. Waonyeshe picha yake vijana wa bodaboda wa kijiweni na muuza duka wa kona. Akipotea, pita pia msikitini watangaze kwa kipaza sauti, mara mbili mama amepatikana hivyo.

Na mkisikia minong'ono kwamba bibi anazungumza peke yake usiku kwa sababu ni mchawi, msinyamaze. Waiteni majirani, wapeni chai, waelezeni ugonjwa kwa jina lake, mbele ya mjumbe. Nchi hii wazee wameuawa kwa minong'ono.

Wewe unayeuguza utachoka, na kuchoka ndiko kunakozaa ukali. Dai siku yako. Mimi yangu ni Jumapili mchana: ndugu yangu anakuja kutoka Pongwe, mimi nakwenda Raskazone natazama maji, simu nimezima. Mwanzoni niliona haya. Sasa mama mwenyewe Jumamosi usiku huniuliza kama nguo ya kesho nimeipiga pasi. Huniuliza mara nne, mara tano, na kila mara namjibu bado.